Bisi za Padova na jinsi tunavyokionea haya Kiswahili

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nimepanga foleni kwenye meza ya mboga katika uwanja wa Piazza delle Erbe, hapa Padova, nilipoona kipande cha boksi kilichoandikwa neno moja kwa kalamu nene: BISI. Mtu aliyekulia Tanga akiliona neno hilo anasikia mahindi yakipasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa, na mimi nililisoma mara mbili kwa furaha ya kukutana na neno la nyumbani mahali ambapo sikulitarajia. Chini ya boksi hilo kulikuwa na njegere mbichi, zikiwa bado ndani ya maganda yake. Kwa Kiitaliano cha shuleni njegere ni piselli. Bisi ni Kiveneto, lugha ya mkoa huu, na mama muuzaji hakuona sababu ya kuandika vingine, kwa kuwa wateja wake ni watu wa hapa na hilo ndilo jina wanalolijua tangu utotoni.

Mbele yangu alikuwa amesimama daktari bingwa wa upasuaji ninayemfahamu vizuri, kwa sababu mimi ni muuguzi katika wadi anayoipitia kila asubuhi. Alinunua kilo mbili, akabishana na yule mama juu ya kiasi cha mchuzi kinachofaa kwa risi e bisi, yaani wali wao wa njegere, na mazungumzo yote yalikwenda kwa Kiveneto kizito ambacho mimi, pamoja na miaka yangu 11 hapa, nilikipata nusu tu. Mtu huyo huyo Jumatatu huwafundisha wanafunzi wa udaktari kwa Kiitaliano safi, na makala zake za kitaalamu huziandika kwa Kiingereza. Ana lugha tatu, kila moja ina mahali pake, na sijawahi kumwona akiionea haya hata moja.

Nikiwa bado kwenye foleni, simu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu aliyeko Tanga. "Dada, huyu mwanao Kiswahili cha hesabu kimemshinda kabisa. Nimemtajia themanini na tisa akaniuliza ndiyo ngapi." Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mzazi anayejivunia mtoto. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, kwamba wiki iliyotangulia jina la mtoto liliandikwa kwenye orodha kwa kosa la kuzungumza Kiswahili wakati wa mapumziko, na kesho yake akasimamishwa mstarini pamoja na wenzake. Mtoto ana miaka 9. Alikuwa anacheza mpira, na mtoto anayecheza mpira hupiga kelele kwa lugha iliyo moyoni mwake.

Yule mama wa mboga alinirudishia chenji, na ndani yake kulikuwa na sarafu ya euro 2. Nchi zinazotumia euro zilijichagulia kila moja picha ya kuweka upande wake wa sarafu, na baadhi ziliweka wafalme wao. Waitaliano, kwenye sarafu yao yenye thamani kubwa kuliko zote, walimweka mshairi: Dante Alighieri, aliyefariki Ravenna mwaka 1321. Dante alikijua Kilatini, ambacho ndicho kilikuwa Kiingereza cha zama zake, lugha ya wasomi, ya kanisa na ya mahakama, lakini utenzi wake mkubwa aliutunga kwa lugha ya watu wa Firenze. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni aliwahi kutusomea pia kipande ambamo Dante anawakemea Waitaliano wanaosifu lugha za wengine na kuidharau ya kwao. Maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka 700. Niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye dawati katikati ya Wabangladeshi, Wamoroko na Wanigeria, na nilihisi kama kwamba mtu amefungua mlango wa darasa letu la kidato cha kwanza, pale nilipokuwa nikivishwa shingoni kibao cha mbao kwa sababu nilimwomba mwenzangu kifutio kwa Kiswahili.

Najua mengine yatakayosemwa nikitaka Kiswahili kifundishie shule hadi vyuo, kwa sababu nimeshaambiwa kwenye simu na kwenye misiba nikija likizo. Nitaambiwa kwamba nimeshavuka, sasa nataka kuondoa ngazi. Nitaambiwa kwamba Kiingereza ndicho kilichonileta Ulaya. Ndugu zangu, Kiingereza changu kilinifikisha uwanja wa ndege tu. Nilipokwenda polisi kuomba kibali cha ukaazi, ambacho sisi wageni wote tunakiita permesso, afisa wa dirishani alinisikiliza kwa upole, kisha akanijibu kwa Kiitaliano. Hakuwa mkorofi, alikuwa nchini kwake, akizungumza lugha ya nchi yake. Ukitaka kibali cha muda mrefu lazima ufaulu mtihani wa Kiitaliano wa ngazi ya A2, yaani ya mwanzo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2018 anayeomba uraia lazima aonyeshe ngazi ya B1, yaani ya kati. Mwanzoni sharti hilo lilinikera sana. Leo naliheshimu, kwa sababu ni sharti la watu wanaoamini kwamba lugha yao inastahili kujifunzwa.

Wapo watakaosema kwamba Italia ni nchi moja yenye lugha moja tangu zamani, na sisi tuna makabila zaidi ya 120, kwa hiyo tusilinganishwe. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Italia ilipounganishwa mwaka 1861, waliokijua Kiitaliano walikuwa wachache mno: mtaalamu wa lugha Tullio De Mauro alikadiria asilimia 2.5 ya watu wote, na wengine waliokadiria kwa ukarimu walifika karibu asilimia 10. Mfalme wao wa kwanza, Vittorio Emanuele II, alizoea zaidi Kipiemonte na Kifaransa. Mtu wa Venisi, wa Napoli na wa Sisilia walikuwa hawaelewani. Kiitaliano kilijengwa, kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja: kwa shule, kwa jeshi, kwa magazeti, na zaidi kwa televisheni ya taifa, RAI, iliyoanza matangazo yake rasmi tarehe 3 Januari 1954. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1968 mwalimu Alberto Manzi alisimama mbele ya kamera na ubao wake akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wapo wagonjwa wangu wa miaka tisini wanaolikumbuka jina lake kama sisi tunavyokumbuka kisomo chenye manufaa.

Sasa linganisha. Mwaka 1961, miaka 100 kamili baada ya Italia kuungana, Tanganyika ilipata uhuru ikiwa tayari na lugha ambayo TANU ilizunguka nayo nchi nzima. Tulianza mbali sana mbele ya Waitaliano. Walichokuwa nacho wao, ambacho sisi tumekipoteza njiani, ni uamuzi wa kuipandisha lugha hiyo ngazi zote hadi juu. Sisi tuliifikisha darasa la saba, tukaiacha hapo mlangoni.

"Kiswahili hakina msamiati wa sayansi." Jibu la hoja hii liko hapa Padova. Galileo Galilei alifundisha katika chuo kikuu cha mji huu kuanzia mwaka 1592 hadi 1610. Alipotaka wasomi wa Ulaya nzima wajue alichokiona kwa darubini yake, mwaka 1610 alitoa kitabu kwa Kilatini. Alipotaka watu wa nchi yake wabishane naye kuhusu dunia na jua, mwaka 1632 aliandika kwa Kiitaliano. Hakungoja mtu amletee msamiati uliokamilika. Alichukua maneno ya mafundi na ya watu wa kawaida akayapa kazi mpya. Na sisi tunalo neno darubini, tunalo hadubini, tunayo BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu mwaka 1967, na tuliwahi kuwa na rais aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare akiwa madarakani akaiita Mabepari wa Venisi. Nilipopanda treni kutoka hapa kwenda Venisi kwa mara ya kwanza, safari ya nusu saa hivi, nilikuwa naufahamu mji ule kwa Kiswahili tayari. Katika tamthilia hiyo yule mwanasheria bingwa anayetafutwa kwa ushauri ni mtu wa Padova. Nchi iliyofanya hayo mwaka 1969 haiwezi kuniambia leo kwamba fotosinthesisi haielezeki kwa Kiswahili kwa mtoto wa kidato cha pili.

Waitaliano nao hawajasalimika na kishawishi. Mwaka 2012 Politecnico di Milano, chuo chao mashuhuri cha uhandisi, kiliamua kwamba shahada zote za uzamili na uzamivu zifundishwe kwa Kiingereza peke yake. Baadhi ya walimu wa chuo hicho hicho walikwenda mahakamani, shauri likafika hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka 2017 mahakama hiyo ikasema kwamba kozi za Kiingereza zinaruhusiwa, lakini Kiitaliano hakiwezi kusukumwa pembeni katika vyuo vya nchi yenyewe. Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa najaribu kuwaza walimu wa chuo kikuu wa kwetu wakienda mahakamani kuitetea lugha yao isifukuzwe darasani, nikakumbuka kwamba, nje ya somo la Kiswahili lenyewe, haikuwahi kuingia.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni la mama yangu. Mwaka juzi alilazwa siku 4 katika hospitali moja ya kwetu, akaruhusiwa na karatasi yenye maelezo ya dawa kwa Kiingereza. Mama anasoma vizuri sana. Anasoma gazeti, anasoma Kurani na tafsiri yake. Karatasi ile hakuweza kuisoma, na aliona vibaya kuuliza. Aliikunja akaiweka chini ya godoro, ikakaa wiki 3, mpaka mdogo wangu alipoipiga picha akanitumia. Kidonge ambacho karatasi ilisema kimezwe kabla ya kula, mama alikuwa anakimeza baada ya kula, kwa wiki 3 nzima. Hapa ninapofanya kazi, mzee aliyeishia darasa la tano anaporuhusiwa anapewa barua kwa Kiitaliano, nami humsomea sentensi kwa sentensi, na akishindwa kunielewa yupo mwenzangu wa kumrudia kwa Kiveneto. Hatumfanyii upendeleo. Ndivyo mgonjwa anavyopona.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba najifanya Mzungu. Sisemi kwamba Italia ni pepo. Vijana wao wenyewe wanahama kwa kukosa kazi, na ngozi yangu imenifundisha mambo ya nchi hii ambayo sitayaandika leo. Wala Waitaliano si malaika katika suala la lugha: utawala wa kifashisti ulifunga shule za Kijerumani za Tyrol ya Kusini na kupiga vita lugha za mikoani, na mama mmoja jirani yangu ananisimulia jinsi mwalimu alivyokuwa akiwachapa viganjani kwa kusema Kiveneto darasani. Sheria yao ya mwaka 1999 inazilinda lugha 12 za makundi madogo, zikiwemo Kifriuli na Kisardinia, na Kiveneto hakimo. Kipo sokoni kwa sababu wenyewe wamekataa kukiacha. Hata ciao, salamu ambayo dunia nzima inaijua, ilitoka katika Kiveneto, na maana yake ya asili ni "mimi mtumwa wako", jambo lililonifanya nimweleze yule jirani kuhusu shikamoo na kushika miguu. Tulielewana mara moja.

Lipo swali moja tu ambalo akiniuliza mtu sina jibu la kujitetea: je, Kibondei chako kiko wapi? Wazazi wangu ni wa Muheza, walizungumza Kibondei wao kwa wao, nasi watoto tukawajibu kwa Kiswahili. Ninakielewa, sikisemi. Kwa hiyo ninapomwona daktari anajadili njegere kwa lugha ya bibi yake, sehemu ya furaha yangu ni huzuni, na ninaikubali. Lakini kosa langu kwa Kibondei halihalalishi kosa tunalolifanya kwa Kiswahili. Kila tarehe 7 Julai tunaiadhimisha siku ya lugha hii duniani, tunafurahi kuisikia ikitumika Umoja wa Afrika, mwaka 2021 tumeibadilisha sheria ili iwe lugha ya mahakama, halafu asubuhi tunalipa ada ili mtoto aadhibiwe kwa kuisema. Mdogo wangu si mjinga. Analipa ada hiyo kwa kujinyima, kwa sababu anajua mtihani wa kidato cha nne utakuja kwa lugha gani. Simlaumu yeye. Nawalaumu walioupanga mtihani uwe hivyo na kuuacha uendelee hivyo miaka yote hii, huku wao wakituhutubia majukwaani kwa Kiswahili fasaha.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu simu ya video. Niliiegemeza simu kwenye chupa ya maji, nikaanza kumenya zile bisi mezani mbele yake, nikamwambia mwanangu anihesabie punje kwa Kiswahili, moja moja, nisije nikazidisha kwenye wali. Alikwenda vizuri, kwa sauti ya juu, akiniita mama mkubwa kila nilipochelewa kumenya. Alipofika sabini na tisa akakwama, akanitazama. Nilikuwa nafungua mdomo nimsaidie, ila mama yake, aliyekuwa nyuma yake akichambua mchele, alimtajia themanini kabla yangu.