Bao la kete 64 ndani ya kompyuta ya mwaka 1982

Mpwa wangu ana laptopu ya mtumba ambayo betri lake lilishakufa. Ukiichomoa kwenye umeme inazima hapo hapo, kwa hiyo kila jioni, nyumbani kwao Chikongola hapa Mtwara mjini, anakaa karibu na soketi kama mtu anayeota moto, anaandika gemu ya bao. Haiandiki kwa ajili ya simu. Anaiandikia ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Waingereza iliyotoka Aprili 1982, mashine ambayo yeye hajawahi kuishika, na mimi pia sijawahi.

Dada yangu aliniita nimkanye. Huku kusini mjomba bado ana sauti, hata kama siku hizi inasikilizwa kwa hisani tu. "Kaka, wenzake wanatengeneza mabango ya harusi na kuflashi simu, wanapata hela. Huyu anahangaika na kompyuta ya marehemu." Nilikwenda kwa nia ya kumkanya. Nimerudi na mambo ya kupima.

Kijana hayuko peke yake. Uingereza, Hispania, Poland, Urusi na kwingineko kuna wapenzi wanaotoa gemu mpya kila mwaka kwa mashine za zamani: Spectrum, Commodore 64, Amstrad CPC, MSX. Wanaandika kwenye kompyuta ya kisasa, wanajaribu kwenye emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani, kisha wanasambaza faili, au hata kaseti kabisa iliyotiwa kwenye kasha lenye picha. Na hili si jambo la wizi. Kampuni ya Amstrad, iliyonunua biashara ya kompyuta za Sinclair mwaka 1986, iliruhusu mwaka 1999 programu ya ndani ya Spectrum isambazwe na emuleta bila malipo. Fedha nazo zipo kwa wachache: mwaka 2017 mradi wa kutengeneza toleo jipya la mashine hiyo, Spectrum Next, ulichangiwa zaidi ya pauni 700,000 na watu waliokuwa tayari kusubiri.

Walichangia kwa sababu wanaikumbuka, na hapo ndipo hoja ya dada yangu inapokuwa nzito kuliko anavyojua mwenyewe. Sisi hatuna cha kukumbuka. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Mtoto wa Birmingham alipokuwa akimsumbua baba yake amnunulie Spectrum ya pauni 175, mwenzake wa Mtwara hakuwa na kompyuta, na hata angepewa asingekuwa na pa kuichomeka, maana Spectrum ilitumia televisheni ya sebuleni kama kioo chake. Televisheni yenyewe Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Sasa kijana aliyezaliwa baada ya hapo anapopenda rangi na milio ya mashine ile, anapenda utoto wa nani?

Sisi wa rika langu tunacho cha kwetu, lakini ni kingine. Tunazo gemu za kanda: zile mashine za Kichina zilizoiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, na kanda ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999, ndani ukakuta kumi na kitu zinazojirudia kwa majina tofauti. Ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Na tunazo kaseti za redio, zile tulizokuwa tukizizungusha kwa kalamu ili kuokoa betri. Hapa peke yake ndipo nilipomwelewa mpwa wangu haraka, kwa sababu Spectrum nayo ilisoma gemu kutoka kwenye kaseti kama hizo hizo. Gemu kubwa ilichukua kama dakika tano kuingia, ikilia kama nyenje wa masika. Umeme ukikatika dakika ya nne, unaanza upya.

Hoja ya pili ya upande wa dada ni ajira. Sijaona tangazo la kazi, Mtwara wala Dar es Salaam, linalotafuta mtu anayejua asembli, yaani lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, ya Z80, prosesa iliyomo ndani ya Spectrum. Zilog, kampuni iliyoizaa mwaka 1976, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kuitengeneza. Mpwa wangu hujibu kwamba dunia imejaa vifaa vidogo vyenye kumbukumbu ndogo na kwamba anayejua kubana baiti atapata kazi huko. Kuna ukweli, ila anautumia kama mtu anayejitetea. Mwenye nia ya kufanya kazi na vifaa hivyo angeanza na vifaa hivyo.

Jibu lake lililonigusa zaidi lilikuwa la bando. Spectrum ya kawaida ina kumbukumbu ya kilobaiti 48. Gemu nzima, na picha zake na muziki wake, ni ndogo kuliko picha nyingi tunazorushiana WhatsApp za mtoto aliyevaa sare siku ya kwanza ya shule. Emuleta inakimbia vizuri kwenye laptopu yake mbovu. Kinyume chake, siku aliyojaribu kutengeneza programu ya Android, kifurushi cha zana peke yake kilimaliza bando la wiki na laptopu ikapumua kama mgonjwa. Na hata angefika, simu hazitulii. Duka la programu la Google linataka programu zisasishwe mara kwa mara zilingane na matoleo mapya ya Android, la sivyo zinaanza kufichwa kwa wenye simu mpya. Spectrum ya 1982 haitabadilika tena. Ukimaliza umemaliza.

Nilipomrudia na lile swali la utoto wa nani, alinijibu kwa habari ya Yugoslavia, na nakiri alinipata. Huko pia miaka ya mwanzo ya 1980 kuingiza kompyuta kulibanwa. Mhandisi mmoja, Voja Antonić, akabuni mwaka 1983 kompyuta iitwayo Galaksija, ramani yake ikachapishwa kwenye gazeti ili kila mtu ajijengee nyumbani, na redio ya Belgrade ikarusha programu hewani: msikilizaji anarekodi ile milio kwenye kaseti, kisha anaiingiza kwenye mashine yake. Warusi nao walijiundia Spectrum zao za kuiga, na hadi leo wapenzi wao ni miongoni mwa wenye juhudi kubwa. Kwa hiyo kunyimwa kompyuta hakukuwazuia watu hao kuwa na historia nayo, wao walijitengenezea. Lakini walikuwa na wahandisi, viwanda na vipuri madukani. Sisi mwaka 1983 tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni. Kufananisha marufuku na marufuku bila kutazama kilichokuwa kabatini ni kurahisisha mno, na nilimwambia hivyo.

Halafu akanionyesha kioo.

Kioo cha Spectrum kimegawanywa vyumba vidogo 32 kwa upana na 24 kwa urefu, na kila chumba kinaruhusu rangi mbili tu kwa wakati mmoja. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane. Ukilipatia kila shimo vyumba vinne kwa upana, mashimo manane yanakula 32 kamili, ukingo hadi ukingo. Safu nne zinakula 16 kwa urefu. Vinabaki vyumba vinane kwa urefu vya kuandikia ghala, yaani kete za mkononi, na zamu ya nani. Inakaa kama vile Mwingereza alilipima bao kabla ya kuchora mashine yake. Ubao wote, mashimo 32, unatunzwa kwa baiti 32, wakati picha peke yake inakula 6,912.

Kusambaza kete nako kuna raha yake. Kila mchezaji huzunguka mashimo yake 16. Ukiyapa namba kuanzia sifuri hadi 15, unaongeza moja kwa kila kete, na amri moja fupi ya asembli inakata kilichozidi ili 16 igeuke sifuri, yaani umerudi ulikoanzia. Alipotaka kuchora mkono unaopita juu ya mashimo, rangi ziligombana: mkono ukifika kwenye chumba, kete zinageuka rangi ya mkono. Akafuta mkono. Sasa shimo linalopokea kete linapepesa, jambo ambalo mashine inalifanya yenyewe ukiwasha biti moja. Ni zuri kuliko mkono. Wapenzi wa mashine hizi husema ufinyu ndio unaozaa ubunifu, kama mchonga vinyago wa Kimakonde anayefuata gogo la mpingo lilivyopinda. Mimi msemo huo huwa naupokea nusu. Mchongaji analipwa, na ukimpa gogo kubwa hakatai. Ufinyu unasifiwa zaidi na wale wanaoweza kuuacha jioni wakafungua kompyuta nyingine.

Hata hivyo kuna faida moja ambayo ufinyu ule umeileta, na sijaisikia kwa wanaosifu wala wanaobeza. Mashine haikumpa nafasi ya mapambo, kwa hiyo zikabaki sheria tupu, na sheria za bao zikawa tatizo. Mwanzo ni rahisi: kila mtu ana kete 32, sita kwenye nyumba, yaani lile shimo lake maalumu, mbili mbili kwenye mashimo mawili jirani, 22 mkononi. Unanamua, yaani unaingiza kete moja moja, mpaka za mkononi ziishe, kisha mnaingia mtaji, yaani kucheza na zilizo ubaoni tu. Lakini lini nyumba inalala, yaani kete zake zinaachwa, na lini inasafiri, yaani zinainuliwa na kusambazwa? Mpwa wangu aliwauliza wazee watatu wa kijiwe cha jirani, akapata majibu mawili na nusu. Mmoja alisema mchezaji anachagua. Wa pili alisema inategemea amekula au ametakasa, yaani amecheza bila kula. Wa tatu alisema, "Mjukuu wangu, weka kete tuone," maana yeye sheria zinakaa vidoleni, hazikai mdomoni.

Kompyuta haiwezi kuandikiwa "tuone." Kwa wiki mbili kijana alikuwa akienda kijiweni na daftari, anapanga mkao, anauliza, anaandika, na wazee wakawa wanabishana kwa umakini ambao sijauona hata kwenye msimu wa mnada wa korosho. Daftari lile lina kurasa zaidi ya arobaini. Ukiniuliza kati ya gemu na daftari kipi kina thamani zaidi kwa Mtwara, nitachukua daftari. Ila daftari lisingekuwapo bila gemu, na angeiandikia simu nadhani muda ule angeumalizia kwenye kupamba mbao na vivuli.

Kwa hiyo nimegawanyika, lakini si nusu kwa nusu. Namuunga mkono kwa masharti, na sharti kubwa ni asije akaanza kunakili gemu maarufu za watu. Mwaka 2019 mpenzi mmoja wa Commodore 64 alitoa nakala ya Super Mario Bros. aliyoifanyia kazi miaka saba. Ndani ya siku chache Nintendo wakadai haki yao na nakala zikaanza kuondolewa mitandaoni. Miaka saba! Kwa mtu mwenye mshahara huo ni mchezo wa jioni. Kwa kijana anayekula kwa mama yake ni ujana mzima. Bao halina kampuni itakayomwandikia barua, na huko nje hawana uhaba wa roketi na majoka. Gemu yake ya kwanza nayo ilikuwa ya roketi, na ilikuwa mbaya. Soko la kumlisha silioni, na kupokea malipo madogo madogo kutoka ng'ambo ukiwa huku bado ni usumbufu. Nilimwambia dada yangu ampe mpaka Desemba, na kwamba asubuhi kijana atakaa kwenye kibanda changu kutengeneza simu. Hakufurahi, ila hakukataa.

Jumapili iliyopita yule mzee wa tatu alikuja kucheza na mashine. Nilimwamkia, akaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo. Alinamua haraka kuliko kijana alivyoweza kubonyeza vitufe kwa niaba yake. Kwenye mtaji akala, kete zikasambaa, zikaishia kwenye shimo lenye kete, zikainuliwa, zikaendelea. Kuna mikao ya bao ambayo kete huweza kuzunguka bila kufika mwisho, na mpwa wangu alikuwa hajaweka kikomo. Mashimo yakapepesa, yakapepesa. Mzee akawa anahesabu kwa midomo. Dakika ya pili au ya tatu umeme ukakatika, na laptopu, haina betri, ikazima.

"Nilikuwa nashinda," mzee akasema gizani.

Mpwa wangu akawasha tochi ya simu, akafungua daftari, akamwomba amtajie ule mkao tena, shimo kwa shimo.