Naomba Ieleweke: Sikubebwa Mgongoni

Kwa kuwa dereva wetu ameshaisimulia habari hii ya kuokolewa kwangu baharini kwenye kila baraza la kahawa analopita, na kwa kuwa asubuhi ya leo muuza kahawa ameniuliza kama nimeshakauka, naona ni bora niisimulie mwenyewe kabla haijavuka kwenda Pemba. Jambo la kwanza ninalotaka lieleweke ni kwamba sikubebwa mgongoni. Nilikokotwa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kwa mtu mwenye heshima zake, na nitaieleza tukifika huko.

Wale wachumba mnawajua, kwani nimewatangaza hapa tangu walipokata tiketi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amekulia Mwanza, na binti aliyemchumbia ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Walitaka kuiona Unguja kabla ya harusi, nami kama mwenyeji nikajitwika kazi ya kuwashauri bila kuombwa. Niliwaambia kwamba boti ya kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili, na kwamba mwenye kuchafukwa na moyo akae chini, upande wa nyuma, ambako boti haichezi sana. Niliwaambia wasimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa, wajistiri mabega na magoti wanapopita Mji Mkongwe, na wakifika Forodhani usiku waulize bei ya mshikaki kabla ya kuuma, si baada ya kumeza. Niliwaambia kwamba asili ya kima punju wa msitu wa Jozani ni kisiwa hiki peke yake, kwa hiyo wawaheshimu na wasiwasogelee kwa ajili ya picha. Hata Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nililitolea maelezo marefu kwa simu, salio likiwa langu.

Hata hivyo, ushauri niliousisitiza kuliko wote, tena mbele ya mama, ulikuwa wa adabu. Niliwaeleza kwamba hapa kwetu uchumba si ndoa, hivyo binti atalala kwa dada yangu Michenzani na kijana atalala kwangu, na kwamba wakiwa mbele za watu wasishikane mikono, wasiegemeane, wala wasikumbatiane. Nilisema kwa ulimi wangu huu: "Baina yenu uwepo urefu wa mkono mmoja." Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Binti alisema, "Sawa, shemeji," kwa unyenyekevu ambao jana nimejua ulikuwa subira.

Jana hiyo niliwapeleka Jambiani, pwani ya mashariki. Dereva alibaki chini ya mvinje na chupa yake ya chai, akidai kwamba miguu inamuuma, ilhali mimi nadhani yeye huijua bahari. Ilikuwa bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yamekupwa hasa, na pwani nzima ilikuwa mchanga mweupe, vidimbwi na mashamba ya mwani hadi karibu na mwamba, ambako mawimbi yalionekana kwa mbali tu. Kina mama walikuwa wameinama kwenye kamba zao, wakivuna na kufunga mbegu mpya. Mandhari hayo yakamshinda binti, akauliza, "Shemeji, maji yote yamekwenda wapi?"

Ninyi mnaonifuatilia mnajua kwamba mimi siulizwi swali la namna hiyo nikajibu kwa kifupi. Mtu wa Ziwa Victoria hajazoea maji yanayoondoka na kurudi, kwa hiyo nilimtembeza hadi kwenye fungu la mchanga lililoinuka mbele ya mashamba, nikafunga kikoi vizuri, nikaanza. Nilimweleza kwamba mwezi na jua huvuta maji, kwamba bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja, na kwamba ndiyo maana nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila kukicha. Nilimweleza kwamba wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4, na kwamba kwa kawaida maji ya bamvua hukauka mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Yote hayo ni kweli. Hakuna neno hata moja nililokosea, na naomba dereva alinukuu hilo pia. Kitu pekee ambacho sikukitazama ni saa yangu, ambayo wakati huo ilikuwa inaelekea saa 7 mchana.

Katikati ya maelezo, kina mama wakaanza kuondoka mmoja mmoja, magunia vichwani. Mdogo wangu akauliza kama nasi hatupaswi kwenda. Nilimjibu, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa hapa, kwamba wanawahi kupika.

Mnisikilize sasa kwa makini, na mtakaokwenda na wachumba wenu mliandike hili mahali. Mgeni hudhani kwamba maji yatamjia kwa mbele, kutoka kwenye mwamba, na kwamba atayaona na kurudi nyuma kwa hatua zake. Bahari ya mashariki haina utaratibu huo. Huingia kwanza kwenye mikondo, ile mifereji uliyoivuka asubuhi maji yakiwa chini ya vifundo vya miguu, na mikondo hiyo iko nyuma yako. Unakuwa umesimama pakavu, unafundisha, huku pwani inaondoka.

Nilipogeuka, baina yetu na Jambiani palikuwa na maji ya kijani yanayotembea.

Hapa inanipasa niseme jambo ambalo mke wangu alilijua na wengine hawakulijua. Siwezi kuogelea. Nimezaliwa kisiwani, nimekulia kisiwani, na utotoni wenzangu waliporuka kutoka ukutani Forodhani mimi nilikuwa mlinzi wa nguo zao, cheo nilichokishika kwa uaminifu hadi tulipoota ndevu.

Mdogo wangu, ambaye Mungu amemjalia urefu, alikusanya simu zote na makubadhi yangu, akaviinua juu ya kichwa na kuingia. Maji yalimfika kifuani. Nilipiga hesabu ya kifua chake na kidevu changu, na hesabu haikunipendeza. Binti alikaza kanga yake, akaingia, akageuka na kuninyoshea mkono. "Shemeji, njoo," alisema. Nilimjibu kwamba watangulie, kwamba mimi nitasubiri kidogo. Akaniuliza nitasubiri nini. Sikuwa na jibu, kwa sababu kitu ambacho ningekisubiri ndicho kile kile kilichokuwa kinapanda.

Nikaingia. Hatua ya kwanza maji yalifika magotini, na nikapata matumaini. Hatua ya pili yalifika kiunoni, na kikoi kikafumka. Hatua ya tatu haikupata chini. Katika sekunde hiyo, ambayo kwangu ilikuwa ndefu kuliko hotuba yote ya bamvua, mkono wa kushoto ulishika kikoi na mkono wa kulia ulitafuta kitu cha kushika duniani, na kitu kilichokuwepo kilikuwa shingo ya mchumba wa mdogo wangu. Niliikumbatia. Niliikumbatia kwa dhati, mchana kweupe, mbele ya shehia nzima, mimi niliyetangaza urefu wa mkono mmoja. Kofia ilikwenda zake. Binti, kwa utulivu wa mtu wa Ukerewe, alisema, "Shemeji, legeza kidogo, nashindwa kupumua," kisha akaubandua mkono wangu, akanishika ukosi wa shati, akanilaza chali na kuogelea, akinikokota kama gunia la mwani. Mnaona sasa kwamba mgongo hauhusiki kabisa.

Dereva anadai kwamba nilitoa shahada mara mbili. Nilisema Bismillahi, na maji yaliyoniingia mdomoni ndiyo yaliyoirefusha.

Lililoniumiza si maji. Kina mama wa mwani walikuwa wameshafika nchi kavu, wamekaa juu ya magunia yao wakitutazama, na hakuna aliyeonekana kuwahi kupika. Mmoja wao, mtu mzima wa rika la mama, alisimama na kupaza sauti: "Mkaze mumeo, binti, asikuponyoke!" Mdogo wangu, aliyekuwa hatua chache mbele yetu na simu zetu hewani, alisikia. Alicheka hadi simu moja ikaanguka. Ilikuwa yangu.

Yaliyofuata hayana urefu. Nilipata kikoi cha kuazima, dereva alitandika gazeti kwenye kiti ili nisilowanishe gari, na njia nzima hadi mjini hakuna aliyezungumza isipokuwa yeye, kwa simu, na watu mbalimbali. Mama ameshapata habari. Amesema tu kwamba binti huyo anatufaa, na mahari isicheleweshwe.

Kesho wachumba wanakwenda Kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa. Ushauri wangu nimeuandika kwenye karatasi na kumpa dereva awapelekee: wavae jaketi okozi tangu botini, wasiwapande kobe, na waondoke pale nahodha anapoondoka. Binti amenijibu kwa heshima kwamba kobe wale ni wanyama wa nchi kavu, hivyo nisiogope kufuatana nao, na kwamba mdogo wangu ameshakubali mimi nikae katikati.