Gari Linalopiga Magoti Usiku

Miaka miwili iliyopita nilinunua gari la kifahari la Kijerumani kwa shilingi milioni 18, nami naomba usinicheke kabla sijamaliza. Lilipokuwa jipya huko Ulaya, thamani yake ingetosha kunijengea nyumba hapa Tabata pamoja na ukuta na kisima. Lakini sasa lilikuwa limetimiza miaka 15, limepita mikononi mwa watu wasiopungua watatu, na muuzaji aliniambia kwa sauti ya huruma kwamba ananiachia tu. Nilipofika kwake nilikuta injini imeshawashwa na kiyoyozi kimeshapoza viti vya ngozi, nikauhesabu huo kuwa ukarimu wa mtu aliyelelewa vizuri.

Asubuhi ya pili mke wangu aliniamsha akisema tumeibiwa matairi. Nilitoka mbio na msuli kiunoni, nikalikuta gari limelala kwa mbele, bampa inakaribia kugusa mchanga, mfano wa ngamia anayesubiri kupakiwa mizigo. Matairi yote manne yalikuwepo. Nilipowasha injini likaanza kuguna, likajiinua polepole, upande wa kushoto kwanza na wa kulia baadaye, kisha likasimama kwa heshima zake zote kana kwamba halikuwa limelala chini usiku kucha.

Fundi alinieleza kwamba gari la aina hii halikalii springi za chuma kama magari ya watu wenye akili timamu, bali linakalia shokapu za upepo, ambazo ndani yake kuna mfuko wa mpira. Mpira ukizeeka hupata nyufa, upepo huvuja kidogo kidogo wakati wenye gari wamelala, na kompresa inayoujaza hulazimika kufanya kazi kupita kiasi hadi nayo inaungua. Hivyo anayengoja kutengeneza ugonjwa mmoja hulipia miwili. Shokapu moja ilikuwa shilingi 1,100,000, na fundi akaongeza kwa upole kwamba kwa kawaida hubadilishwa mbili mbili. Kompresa ilikuwa laki nane. Nilipouliza habari za spea za mtumba, akasema zipo zinazoletwa kutoka Sharjah, ila mpira wa mtumba ni mpira ambao umeshazeekea kwa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini spea hazijapata taarifa hiyo. Mimi nimelipa milioni 18, ilhali gari linaendelea kula kwa kipimo cha yule tajiri wa kwanza aliyelitoa dukani, ambaye bila shaka alilikimbia mara tu muda wa dhamana ulipokwisha.

Tangu hapo sijapumzika. Tangi la kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ambalo ni la plastiki, lilipasuka kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, kwa kuwa plastiki ikichemka na kupoa kwa miaka 15 huwa kama ganda la yai. Mvuke ulitoka mwingi kiasi kwamba makondakta wa daladala waliacha kuita abiria wakaanza kunipa ushauri. Gasketi ya juu ya injini nayo inavujisha oili, ambayo hudondokea kwenye ekzosi na kulifanya gari zima linuke kama banda la chipsi. Taa ya injini imewaka kwa muda mrefu mno, hata mwanangu mdogo anaamini kuwa ni pambo.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni la betri. Nilinunua betri mpya Gerezani, nikaifunga mwenyewe, nikajisifu. Fundi aliposikia alishika kichwa: betri mpya ni lazima itambulishwe kwa kompyuta ya gari, vinginevyo kompyuta itaendelea kuichaji kama ile nzee iliyoondolewa, na mpya itakufa kabla ya siku zake. Utambulisho huo, unaofanywa kwa mashine ndogo kwa muda usiozidi dakika kumi, ni shilingi 50,000. Mshenga aliyenitambulisha kwa wakwe zangu hakunitoza hata nusu ya hizo, na wakwe ni wagumu kuliko kompyuta yoyote.

Wakati huohuo mtaani naitwa bosi. Kamati ya harusi ya mtoto wa jirani ilipogawa kadi za michango, wenzangu wote walipangiwa laki moja, mimi nikapangiwa laki tatu, na nilipojaribu kujitetea, mwenyekiti alichungulia dirishani, akalitazama gari langu (ilikuwa jioni, nimetoka kuliendesha, limesimama wima), akatabasamu. Yule jirani mwenye Toyota IST ya mwaka 2004, ambaye hunivuta kwa kamba walau mara moja kwa mwezi, alilipa laki moja yake akala pilau kwa amani.

Jana nimepigiwa simu na kijana mmoja mwenye adabu sana, aliyesikia kwamba huenda ninaliuza. Alitaka kuja kuliona alfajiri kabla hajaenda kazini. Nikamwambia, mwanangu, alfajiri kuna baridi, njoo Jumamosi saa kumi jioni, ila unipigie ukiwa njiani, ili ukifika unikute nimeshaliwasha na kiyoyozi kimeshapoza viti.