Beberu wa Chang'ombe na Vitambaa Vyangu vya Shingoni

Mimi ni wakili wa rufani, upande wa utetezi. Basi likigonga mtu, tofali likidondoka ghorofani, mteja akiteleza dukani, namsimamia mwenye mali au kampuni yake ya bima, mara nyingi baada ya wenzangu kushindwa mahakama za chini. Raha ya Mahakama ya Rufani ni kwamba hakuna anayelia. Kuna majaji watatu na jalada la mwenendo wa kesi, basi. Shahidi aliye hai sijamhoji miaka na miaka.

Sasa jioni hiyo Dodoma, vumbi limenimaliza, nikafua vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni, sare ya wakili mahakamani, nikavianika uani kwenye gesti, Chang'ombe. Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, namkuta beberu anatafuna. Kitambaa kimoja kimeshapita. Cha pili kinaning'inia mdomoni, anakivuta taratibu kama mtu anayekula tambi.

Mwenyewe akaja, mzee wa jirani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee. Mbuzi wako kala nguo yangu ya mahakamani."

"Marahaba mwanangu. Umemwona akiila, au umemwona akitafuna?"

Hapo nikajua nimepatikana.

"Kamba nani kaifunga chini hivyo? Jana ulipofika hukuona mbuzi uani? Uliwaona, ukaanika. Umeridhia mwenyewe."

Na kichwa changu, kisicho na adabu, kikawa kinamsaidia: uzembe wa kuchangia, yaani mdai naye ana sehemu ya kosa; kujitakia hatari, yaani aliijua akaikubali. Nilibakiza kumwandikia hoja tu.

"Tena huyu," akamalizia, "tangu azaliwe hajala nguo ya mtu."

Hilo ndilo pigo lenyewe. Kwa sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, mnyama wa kufugwa akifanya uharibifu ambao si kawaida ya aina yake, mdai ndiye wa kuonyesha kwamba mwenye mnyama aliijua tabia hiyo. Hoja hiyo nimeshamtetea nayo mwenye mbwa. Nikanyamaza na mswaki wangu.

Akatokea mjukuu, sare ya shule, begi mgongoni.

"Babu, si huyu alikula soksi za mwalimu?"

"Nenda shule."

"Na kitenge cha bibi."

Mzee akakohoa. "Mtoto huyo hajala kiapo."

Loo! Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Nikainama.

"Unaahidi kusema kweli, husemi uongo?"

"Naahidi. Alikula na pindo la pazia."

Mzee akaingia ndani, akarudi na chupa ya maziwa. "Chukua, yaishe. Ila sijakubali kosa."

Sentensi hiyo ndiyo mkate wangu, kila hati ya suluhu naiandika. Nikapokea maziwa.

Mahakamani shingo wazi. Aliyeniokoa ni wakili wa upande wa pili, alikuwa na vya akiba. "Nakuazima," akasema, "ila lile pingamizi lako la awali uliache." Notisi yake ya rufani ilikuwa imevuka siku 30 za kisheria, na pingamizi langu lilitaka rufani itupwe kabla haijasikilizwa.

Nikavaa. Pingamizi nikalitoa vilevile, maana anayenilipa si yeye.

Akasimama taratibu. "Waheshimiwa Majaji, kabla sijajibu, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba vitambaa alivyovaa mwenzangu msomi ni mali yangu."