Shemeji katua London, miguu yangu ndo inalipa

Jamani mie nafanya usafi maofisini huku London, narudi nyumbani usiku wa manane karibu kila siku, yaani usiku wa huku naujua na hauna utamu wowote. Sasa katua shemeji yangu toka Morogoro, mwalimu wa Kiingereza sekondari, begi hata hajafungua ananambia anataka tutembee usiku kama Charles Dickens. Eti mzee yule usingizi ulikuwa unamkataa, basi anazurura mjini mpaka alfajiri, na mwaka 1857 akaamka usiku akapiga kwa mguu maili kama 30 mpaka nyumba yake ya Kent. Maili 30! Kwetu ukizurura saa nane usiku bila sababu unapigiwa yowe la mwizi au wanasema we mwanga, huyu wenzetu wakamwita mwandishi.

Nibishe vipi, ni kaka wa mke wangu. Saa saba usiku tuko Covent Garden, mvua ile ya huku isiyonyesha wala isiyoacha, yeye kavaa koti langu zito mie nina kijaketi, na somo linaendelea, eti enzi za Malkia Victoria taa za barabarani zilikuwa za gesi, na kweli pale zimebaki mpaka leo, mwanga wake kama kibatari, nikajikwaa mara mbili.

Tukafika Portsmouth Street kwenye lile duka maarufu, The Old Curiosity Shop, yaani duka la vitu vya kale, jina sawasawa na la riwaya ya Dickens. Kijumba cha karne ya 16, ghorofa ya juu imetokeza mbele kama kitambi, ukutani wameandika kwa maandishi makubwa kwamba Dickens ndo kalipatia umaarufu usiokufa. Shemeji akavua kofia kama yuko msibani. Mie nikamwambia shem, jina hilo walilibandika baadaye, riwaya yenyewe ilishatoka mwaka 1841, hii ni kama simu za Kariakoo zilizoandikwa orijino. Akaninunia! Eti naharibu fasihi.

Nikachungulia dirishani, giza tupu. Na hilo duka kwa miaka mingi halikuuza hata sanamu moja ya kale, liliuza viatu. Viatu! Na hapo hapo soli yangu ya kushoto ikaachama mdomo kama kambare.

Nikagonga mlango. Shemeji ananishangaa, "We unagonga nini saa hizi?" Nikamwambia tulia, labda kuna pea walisahau.