Hatia ya Mwana na Siri ya Baba katika The Kite Runner

Lawama nzito kuliko zote inayoweza kuelekezwa kwa The Kite Runner, riwaya ya Khaled Hosseini iliyotoka mwaka 2003, ni kwamba Hassan anateswa na hatimaye kuuawa ili Amir apate kutubu. Hassan ni Mhazara, wa kabila linalodharauliwa nchini Afghanistan, na ni mtoto wa mtumishi. Amir ni Mpashtuni, wa kabila lenye nguvu, mtoto wa tajiri wa Kabul. Wamenyonya ziwa moja, lakini mmoja huandaa chai ya asubuhi na mwenzake huikuta mezani. Majira ya baridi ya mwaka 1975, siku ya mashindano ya tiara, Amir anajibanza kichochoroni akishuhudia Hassan akinajisiwa, kisha anakimbia. Hassan halalamiki wala halipizi, na wanaolaumu wana haki ya kuuliza kama huyu ni mtu kamili au ni kioo tu cha mkosaji.

Wanaoitetea riwaya hujibu kwamba msimulizi ni Amir mwenyewe, na aliyelelewa kwa kuhudumiwa hawezi kujua yaliyomo moyoni mwa anayemhudumia. Hoja hiyo ina uzito, ila hainitoshelezi, kwani hata katika barua aliyoiandika kwa mkono wake Hassan ni yule yule asiye na kinyongo.

Nguvu ya riwaya naiona kwingine, kati ya Amir na baba yake, ambaye riwaya inamwita Baba tu. Baba humfundisha mwanawe kwamba dhambi ni moja tu, wizi, na nyingine zote ni matawi yake. Amir, akitaka Hassan amwondokee machoni, anaficha saa na fedha chini ya godoro la Hassan. Hassan anaulizwa, anakubali kwamba ameiba, na Baba anamsamehe papo hapo. Ali, mtumishi anayejulikana kuwa baba wa Hassan, anapomchukua Hassan na kuondoka, Baba analia. Sababu yake tunaijua baadaye sana: Hassan ni mtoto wa Baba, na Baba ndiye aliyemwibia Ali heshima na kuwaibia watoto wote wawili ukweli. Baba na mwana wameishi nyumba moja miaka yote hiyo, kila mmoja akiwa na hatia kwa mtu yule yule, na hakuna anayeijua ya mwenzake.

Vita vilivyofuata uvamizi wa Kisovieti wa Desemba 1979 vinawafikisha Fremont, California, ambako Baba anafanya kazi katika kituo cha mafuta. Ufukara unawaleta karibu kuliko utajiri ulivyowahi kufanya, lakini ukimya unabaki. Usiku wa mahafali ya Amir, Baba anasema anatamani Hassan angekuwa pamoja nao; Amir anakabwa koo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Udhaifu unajitokeza Amir anaporudi katika Kabul ya Taliban mwaka 2001 kumtafuta Sohrab, mtoto wa Hassan. Assef, yule aliyemnajisi Hassan, anampiga, naye Amir anacheka akihisi amepona, kana kwamba deni la marehemu hulipwa kwa mbavu zilizovunjika. Riwaya ingeishia hapo, ningekuwa upande wa wanaolaumu. Lakini Amir anamwahidi Sohrab kwamba hatapelekwa tena katika kituo cha yatima, kisha taratibu za kumwasili zinapokwama anamwambia huenda ikabidi. Mtoto anajikata kwa wembe bafuni. Anaokolewa, ila anakaa miezi mingi bila kusema neno. Safari hii anayemwangusha mtoto ni mtu aliyekwisha kujiona amesafika, asiye na woga wala nia mbaya, na kwa kumfikisha hapo Hosseini anakuwa mkali kwa Amir kuliko wakosoaji wake.