Zege Tupu Chini ya Bunge: Kwa Nini Naitetea Stesheni ya Westminster

Kila ninapompitisha mgeni kutoka nyumbani katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Westminster, hapa London, hulisikia lalamiko lile lile, kwamba mahali hapa hapajamalizwa. Juu yake kuna Bunge la Uingereza lenye nakshi kila pembe, na mnara wa saa ambao dunia nzima huuita Big Ben, uliokamilika mwaka 1859. Chini, abiria hushuka kwa ngazi za umeme katikati ya nguzo nene za zege lisilopigwa plasta wala rangi, huku mihimili mikubwa ikikatiza hewani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Wageni wangu huuliza kama fedha ziliisha. Mimi nashikilia kwamba hii ndiyo stesheni inayolifaa bunge kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuiona.

Stesheni ya kwanza ilifunguliwa tarehe 24 Desemba 1868 kwa jina la Westminster Bridge. Reli yake, iliyotumiwa na treni za mvuke, ilijengwa kwa kufukua mtaro barabarani na kuufunika, kwa hiyo haiko mbali na uso wa ardhi. Taabu ilikuja katika miaka ya 1990, ilipoamuliwa kwamba njia ya Jubilee irefushwe kuelekea mashariki na ipite hapa hapa. Asiyependa taabu angeipeleka kwingine. Mto Thames uko jirani, mnara wa saa uko meta 34 tu kutoka kwenye shimo, jengo jipya la ofisi za wabunge, Portcullis House, lilikuwa linasubiri kusimama juu ya stesheni hiyo hiyo, na katikati ya yote hayo treni za zamani zilipaswa kuendelea kubeba watu kila siku. Ili kujitenga na mnara kadiri ilivyowezekana, mahandaki ya njia mpya hayakuchimbwa sambamba bali yalipandanishwa, moja juu ya jingine. Jukwaa la chini kabisa liko meta 32 chini ya barabara, na shimo la ngazi lilichimbwa mpaka meta 39, kina ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa katika uchimbaji wa aina hiyo katikati ya jiji hili.

Ardhi ya London ni udongo wa mfinyanzi. Ukichimba shimo refu namna hiyo, udongo wa pande zote huzisukuma kuta ziingie ndani, na kila kilichojengwa jirani huanza kuegemea upande wa shimo. Mihimili ambayo wageni wangu huidhania kuwa miti ya ujenzi iliyosahaulika ndiyo inayozizuia kuta hizo. Ingefunikwa kwa dari ya kupendeza, abiria angepita bila kujua ni kitu gani kinachomlinda.

Mnara nao ulihitaji uangalizi wa peke yake. Wahandisi, akiwamo Profesa John Burland wa Imperial College, waliuwekea vipimo na kupitisha mabomba membamba ardhini chini ya msingi wake. Kila vipimo vilipoonyesha kwamba unainama, walisukuma uji wa saruji mahali palipolegea ili ardhi inyanyuke kidogo. Mwisho wa kazi, katika kimo cha meta 55, usawa wa nyuso za saa, kuinama kule kulikuwa kumezuiwa kwenye milimita 35 hivi.

Lakini kinachonigusa zaidi ni habari ya reli ya zamani. Ili ghorofa ya chini ya Portcullis House ikae usawa wa barabara, reli hiyo ya mwaka 1868 ilibidi ishushwe milimita 300. Haikushushwa kwa mara moja. Ilishushwa usiku, katika saa chache ambazo treni hazitembei, milimita chache leo na milimita chache kesho, na alfajiri abiria walipanda treni zao kama kawaida.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwashi Tanga kwa zaidi ya miaka 30, alifika hapa mara moja tu. Tulipofika kwenye kituo cha katikati cha ngazi, aliniomba tusimame pembeni. Aliweka kiganja chake juu ya nguzo, akakipitisha taratibu, akafuatisha kwa kidole ufito mwembamba ulioachwa na kalibu ya kumiminia zege.

“Mwanangu,” akasema, “zege litakalopigwa plasta hata mwanafunzi atalimwaga. Hili lazima litoke safi siku ile ile ya kwanza, maana halina mahali pa kujificha.”

“Ndiyo, baba,” nikamjibu, naye akabaki pale dakika kadhaa akiangalia juu, watu wakitupita.

Nimeikumbuka kauli yake mara nyingi ninaposoma habari za jengo la Bunge lenyewe. Nyuma ya zile nakshi kuna mabomba yanayovuja, nyaya zilizochakaa na hatari ya moto inayojulikana kwa kila mbunge. Januari 2018 wabunge walipiga kura kwamba wahame ili jengo lifanyiwe ukarabati mkubwa, na miaka imekatika wakibishana juu ya gharama na muda wa kuhama. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu jengo lile ni la thamani, na moto hautangoja mjadala uishe.

Wapo wasemao kwamba ukarabati wa namna hiyo hauwezekani bila kuvuruga kila kitu. Wasemao hivyo, wengi wao, hushuka kwenye ngazi hizi hizi kila jioni wakirudi makwao. Stesheni hii ilifunguliwa kwa njia ya Jubilee tarehe 22 Desemba 1999, mnara ukiwa umesimama, na treni za reli ya zamani zikiendelea kupita juu ya reli iliyoteremshwa milimita 300 usiku kwa usiku.